Jioni ya Bobby na Helen

Kaka yangu alimpenda Al Pacino tangu enzi za mikanda ya video, kwa hiyo siku nilipokuta Kariakoo diski moja yenye filamu zake zaidi ya kumi, nililipa bila kupatana sana. Zilikuwa zile diski za magendo ambazo kavani kuna uso wa filamu hii na bunduki ya filamu ile. Nilitaka kitu cha kumkalisha ndani. Ilikuwa katikati ya mwaka 2011, na kaka alikuwa na miezi michache tu tangu aanze methadoni, dawa ya kunywa badala ya unga, yaani heroini, kwenye kliniki ya Muhimbili.

Kliniki yenyewe ilikuwa imefunguliwa Februari mwaka huohuo, ya kwanza ya serikali Tanzania bara, na mtaani kwetu Ilala watu waliitaja kwa kubeza: dawa ya mateja. Utaratibu ulikuwa mmoja. Kila siku iendayo kwa Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo, uende mwenyewe, upimiwe dozi yako ya maji kwenye kikombe, unywe mbele ya mhudumu mpaka ajue umemeza, ndiyo uondoke. Kwa mtu aliyezoea kuamka na arosto, mafua yanatiririka, miayo haiishi, tumbo limekaza na mifupa inauma yote, kikombe kile ndicho kilichomwezesha kufika kesho. Alikuwa akienda kwa miguu, akizunguka mbali ili asipite maskani yao ya zamani.

Taabu ilikuwa saa zilizobaki. Saa tatu asubuhi amesharudi, siku nzima iko mbele yake na hana la kuifanyia. Watu hudhani teja ni mvivu. Unga ni kazi ngumu kuliko ya bandarini: utafute hela, umtafute pusha, utafute bomba la sindano, utafute uchochoro, na baada ya saa chache uanze upya. Shughuli zote hizo zilifutwa na kikombe kimoja, naye akabaki amekaa kwenye kochi akitazama mikono yake, mikono ya fundi simu ambaye miaka mingi hakuwa amefungua simu ya mtu ila kuiuza.

Wifi alikuwa akija jioni. Namwita wifi ingawa ndoa haikuwahi kufungwa. Walikuwa pamoja tangu akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na hakuna jina lingine lililomfaa. Yeye hakuwa kwenye methadoni. Siku zile wanawake pale kliniki walikuwa wachache mno. Mwanamke teja hujificha kuliko mwanamume, hela yake anaitafuta usiku, asubuhi ndiyo kwanza anapata usingizi, na hataki kuonekana Upanga, ilipo Muhimbili, mchana kweupe kwenye foleni inayojulikana ni ya nani. Kwetu alikuja akiwa ameshatumia cha kumwezesha kukaa kitako bila kutetemeka. Mama alimpokea kwa “karibu” fupi isiyo na kiti.

Kwa mama hesabu ilikuwa imeshafungwa. Mwanawe alikuwa fundi mzuri, msikitini haadimiki, kisha akampata yule binti, na yule binti akamharibu. Alilisema hilo kwa majirani, kwa shangazi zetu, na mara nyingine kwa wifi mwenyewe, usoni. Sisi wengine tuliiacha hesabu hiyo ikae hivyo. Kaka naye hakuwahi kuipinga.

Jioni hiyo filamu tuliyoitaka ilikwama dakika za mwanzo kwa mikwaruzo. Kaka akashuka kwenye orodha akabonyeza jina tusilolijua, The Panic in Needle Park, ya mwaka 1971. Pacino alikuwa kijana kabisa, mwembamba, nywele zimevurugika, anatafuna bazoka na kuongea bila kupumua. Anaitwa Bobby. Anatumia na anauza kidogo ili atumie. Helen ni msichana kutoka Fort Wayne, Indiana, aliyekuja New York. Tunamkuta ametoka kutoa mimba kwa njia za kificho, anaumwa, na bwana aliyempa mimba hana habari. Bobby, aliyepita tu pale kwa shughuli zake, anamvulia skafu yake ili ajifunike. Mapenzi yanaanzia hapo. Wanazurura Broadway na mtaa wa 72, kwenye kiwanja cha Sherman, ambacho watumiaji walikuwa wamekigeuza kijiwe hata kikapewa jina la sindano.

Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri, kama wale wa vibanda umiza, ila bila vichekesho vyao. Wifi Kiingereza kilikuwa hakimpandi, na mama alikuwa anapita kati ya jiko na sebule akisikiliza kwa sikio moja.

“Mbona haina muziki?” wifi akauliza.

Kweli haikuwa nao, na haikuja kuwa nao mpaka mwisho. Honi, breki za magari, hatua za watu, mtu anakohoa chumba cha pili. Sinema zetu teja akitoa tu kete mfukoni kinanda kinaanza kulia, ili usije ukakosea kuhuzunika, na mwisho wake unaujua kabla hujakaa: ama anakufa, ama anaokoka. Hii ilikuwa kimya, na kimya chake kilikuwa kibaya zaidi kwangu, maana kilinifanya nisikie pumzi za watu wawili waliokaa pembeni yangu.

Ikafika sehemu ya chumba ambamo wanajidunga, na kamera imesogea mpaka kwenye mshipa. Nikashika rimoti.

“Acha,” kaka akasema.

Hakuwa anaitazama sindano. Kizazi chake ndicho kilichohama kwenye kuvuta kikaingia kwenye kujidunga, unga mweupe ulipoanza kuonekana Dar es Salaam, na sindano haikuwa na jipya kwake. Alimwonyesha kidole yule wa pembeni, anayesubiri zamu. “Muone huyo anavyolitazama bomba la mwenzake. Anahesabu kimebaki kiasi gani. Huyo aliyetengeneza hii alikaa na watu.”

Halafu akachangamka kwa jambo dogo. Bobby ana kaka yake, Hank, mwizi wa majumbani anayevaa vizuri. “Huyu si mlinzi wa Michael Corleone?” Na kweli ndiye: Richard Bright, ambaye mwaka uliofuata alicheza Al Neri kwenye The Godfather. Pacino mwenyewe aliipata ile nafasi ya Michael baada ya wakubwa wa studio kuonyeshwa vipande vya filamu hii tuliyokuwa tunaitazama. Nilimwona kaka ametabasamu kwa sababu ya kitu alichokikumbuka mwenyewe, na nilifurahi kuliko filamu ilivyostahili.

Helen anakaa na hawa watu muda mrefu bila kutumia. Anawatazama wakisinzia. Bobby akishatumia yupo na hayupo, unamgusa bega lakini mwenyewe yuko kwingine. Mwishowe naye anajaribu, na Bobby anamtazama usoni, anajua. Nikatafsiri hivyo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai ya tangawizi.

“Kwa hiyo huyo mwanamke ndiye aliyemfundisha?”

“Hapana, mama. Mwanamume ndiye aliyekuwa anatumia. Mwanamke amefuata.”

“Kwenye sinema,” mama akasema.

Kaka hakuondoa macho kwenye TV. “Na nje ya sinema pia, mama.”

Sikuelewa upesi. Wifi alielewa, maana aliuvuta mtandio wake mbele akasema kwa sauti ya chini, “Achana nayo hiyo.”

“Siachi. Mama, huyu alikuwa havuti hata sigara. Ya kwanza nilimchoma mimi, kwa mkono huu. Kule Buguruni, kwenye chumba cha yule rafiki yangu aliyekufa.”

“Niliomba mwenyewe,” wifi akasema.

“Uliomba kwa sababu nikishatumia nakuwa kama sipo, ukawa unakaa peke yako. Nami nilikuwa nimechoka kutumia bila mwenzangu. Ningekataa ungeacha kuomba.”

Bobby na Helen waliendelea kuongea kwenye TV, na mimi sikutafsiri. Mama aliweka birika chini, pale pale sakafuni, kitu ambacho asingetukubalia sisi.

“Miaka yote hii,” akasema, “ukaniacha nimtukane mtoto wa watu.”

“Ndiyo.”

“Mbona hukusema?”

Kaka alifikiri kabla ya kujibu, na jibu lake sikulitegemea. “Kwa sababu ulikuwa unanipa hela, mama. Ulikuwa unanionea huruma kwa kuwa nimeharibiwa. Ningesema mimi ndiye mharibifu, nani angenipa?”

Umeme ukakatika. Si kwamba nautia chumvi mkasa. Mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa mgao, na mkazi yeyote wa Dar aliyekuwepo anakumbuka jinsi tulivyopanga hata kunyoosha nguo kwa ratiba. Jenereta za maduka zikaanza kunguruma moja baada ya nyingine. Wifi akasimama, akasema anaenda.

“Kaa,” mama akamwambia. “Zamu yetu wanarudisha saa tatu.”

Akaenda kuswali Isha. Sisi watatu tulikunywa chai gizani, na kwa kweli tuliongea mambo ya kawaida tu: kodi ya chumba cha wifi, fundi gani wa simu angeweza kumchukua kaka kama msaidizi na asimsachi kila jioni. Mama alichukua muda mrefu kwenye mswala kuliko kawaida yake. Alipotoka hakusema alichoomba wala hakumgeukia wifi kwa maneno ya msamaha. Alikaa kwenye kiti badala ya kurudi jikoni, basi.

Saa tatu na robo umeme ulirudi, na deki haikukumbuka tulipoishia, ikabidi tukimbize mbele. Kuanzia hapo mama alitazama kama mwenye deni na ile filamu. Kila Helen alipofungua mdomo alinigusa: “Amesemaje?” Wale vijana wakaenda shamba kununua mtoto wa mbwa, mama akashangaa: “Hawana hata cha kula, wananunua mbwa?” Wakati wa kurudi, kwenye kivuko, hamu ikawashika, wakaingia chooni kujidunga, kale kambwa kakaachwa nje, kakatumbukia majini. Mama, ambaye maishani hajawahi kumruhusu mbwa avuke kizingiti chake, alipiga kelele ya kweli.

Kisha unga unaadimika mjini, na hapo ndipo kila mmoja anapomgeuka mwenzake. Askari wa dawa za kulevya anamfuata Helen, ambaye sasa anajiuza, na kumweleza kwa upole kwamba kama hataki kwenda jela amsaidie kumnasa Bobby akiwa na mzigo. Anamsaidia. Tunamwona akisimama barabarani Bobby anapokamatwa, na Bobby anapiga kelele akijua ni nani. Mwisho wake ni geti la gereza. Bobby anatoka, Helen anamsubiri, Bobby anampita bila kumtazama. Anatembea kidogo, anageuka, anamwambia neno moja, kama kumuuliza anangoja nini. Wanaondoka pamoja. Majina yakaanza kupita, nayo bila muziki.

“Imeisha?” mama akauliza. “Huyo msichana hana kwao?”

“Anako. Indiana.”

“Basi angeenda kwao.”

“Mama,” wifi akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza usiku ule kumjibu moja kwa moja, “kwao ataenda na nini?”

Mama hakumjibu. Kaka alisema yeye asingegeuka. Wifi akamwambia, ungegeuka, wewe nani. Wakabishana hivyo mpaka mlangoni, na kaka akamsindikiza hadi barabara kubwa.

Baadaye nilisoma kwamba Kitty Winn, aliyecheza Helen, ndiye aliyepata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kule Cannes mwaka huo wa 1971, wakati Pacino alitoka mikono mitupu na kuanza kuwa Pacino. Nilimweleza wifi. Akasema, kwa dharau aliyoistahili dunia, “Na jina lake ndiyo kwanza nalisikia.”

Mama hakubadilika kwa usiku mmoja, na sipendi watu wanaposimulia kana kwamba hubadilika. Wifi akija, mama aliendelea kuficha pochi yake. Tofauti ni kwamba sasa aliificha hata kwa kaka, na kaka alipogundua alinuna siku mbili, akaja akakubali kwamba ni haki. Kulaumu wifi kwa majirani kuliisha. Shangazi mmoja alipoianza hadithi ile ya zamani, mama alimkata: “Siyo hivyo.” Hakumweleza ilivyo.

Wifi alijiandikisha methadoni mwaka uliofuata, baada ya kuugua jipu la sindano lililokaribia kumtoa mkono. Mama ndiye aliyekuwa akimpa nauli, kwa siku, si kwa wiki. Kwa muda walikuwa wakienda wote wawili asubuhi, kaka mbele, yeye nyuma kidogo. Halafu waliachana. Wakiwa wazima, hawakuwa na mengi ya kuambiana. Walijuana wakiwa wametumia, na watu waliobaki baada ya unga walikuwa karibu wageni. Siku hizi wifi yuko Tanga na ana mtoto. Kaka ana meza yake ya simu, na bado hatumii.

Ile filamu hawajaimaliza. Wifi akinipigia husema Helen alikosea kusubiri pale getini, angepanda basi. Kaka anasema kumsubiri hakukosea, alikosea kumtaja. Mama, akiwa karibu na simu, husema wote wawili walimkosea yule mbwa.