Mama Aliyebeba Mwavuli

Nilipomwambia mama kwamba Jumamosi tunakwenda kuangalia vuli, alitia mwavuli kwenye mkoba. Sikumlaumu. Kwetu Lushoto vuli ni mvua za Oktoba mpaka Desemba, ni maharage yanaingia ardhini. Huku Marekani nimezoea kuita vuli kipindi chote kati ya joto na theluji, maana nikisema "majira ya majani kupukutika" mwanangu ananicheka.

"Kwa hiyo tunakwenda mwendo wa saa mbili kutazama majani yanayokufa?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Ngoja nikande unga wa maandazi."

Tunaishi Lowell, Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi, unga wa ugali si taabu kuupata. Tulitoka saa moja asubuhi, chupa mbili za chai ya tangawizi miguuni pangu, mume wangu kwenye usukani, mama nyuma na mjukuu wake wa miaka tisa, ambaye humwita "mume wangu" na kumtuma kama mume kweli. Hatujamaliza hata mtaa wetu, mama akaanza kuhesabu maboga. Kila baraza lina boga, mengine mawili, mengine yamechongwa macho na meno. Alipofika ishirini na kitu alikata tamaa.

"Na hakuna anayeyapika?"

"Ni pambo tu, mama."

"Na msusa wake wanatupa?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, nikamimina chai.

Barabara ya I-93 inapanda kaskazini mpaka New Hampshire, na kadiri unavyopanda ndivyo kijani kinavyopungua. Jumatatu yake ilikuwa sikukuu, kwa hiyo kila mwenye gari alikuwa na wazo kama letu. Pale Lincoln tulikaa kwenye foleni iliyonikumbusha Ubungo enzi zile. Lincoln ndipo inapoanzia Kancamagus, barabara ya kilometa 55 inayokatisha milima ya White Mountains hadi Conway. Ina jina la chifu wa Wapennacook, wenyeji wa asili wa huku, mjukuu wa chifu Passaconaway, na imeunganishwa mwisho hadi mwisho tangu 1959. Ndani yake hakuna kituo cha mafuta hata kimoja, na simu hukata mtandao. Hayo nilimwambia mume wangu usiku uliotangulia. Aliitikia, na nikadhani amesikia.

Taa ya mafuta iliwaka tukiwa tunapanda.

Mama aliiona kabla yangu. Lakini mkwe hakemewi, basi akamgeukia mjukuu: "Mume wangu, hebu muulize baba yako, gari hili huku linakunywa maji ya mto?" Mtoto akauliza vilevile, neno kwa neno. Mume wangu akasema, "Shikamoo mama, yatatosha," salamu ya pili siku hiyo, nikajua ana hofu.

Kileleni, kwenye mita 870, tulisimama. Mama alishuka akatazama huku na huku. "Hapa ndipo juu?" Kwa mtu aliyezaliwa Lushoto, mji unaopita mita 1,300, na aliyepanda barabara ya Mombo maisha yake yote, huo si mlima. Halafu akaja ukingoni, akanyamaza. Bonde zima chini yetu lilikuwa jekundu, manjano, rangi ya chungwa, rangi ya kahawa iliyokaangwa, na misonobari ya kijani kibichi imechomoza katikati kama watu waliokosea sare za harusi. Upepo ukipita, rangi zinahama. Nimeishi huku miaka kumi na moja na bado sijazoea.

Mwanangu, ambaye darasani walikuwa wamelisoma, alimweleza bibi yake: siku zikifupika mti huacha kutengeneza ile chembe ya kijani, na kijani kikiisha unaonekana umanjano uliokuwamo tangu mwanzo. Wekundu, hapana, huo hutengenezwa vuli hiyohiyo, kwa sukari iliyobaki kwenye jani. Ndiyo maana miti ya mepo huwaka hivyo; ndiyo ile ambayo mwisho wa baridi hugemwa utomvu, wakauchemsha mpaka lita 40 zitoe lita moja tu ya asali yake.

"Wanagema?" mama aliuliza. Hapo akaipenda nchi kidogo.

Tulipofika maporomoko ya Sabbaday alipanda ngazi zote, pamoja na goti lake linalomsumbua, akasimama kila hatua chache kuokota majani na kuyapanga kwenye upindo wa kanga. Mbele kidogo, kwenye Swift River, wakati wa alasiri ulitukuta. Alichukua udhu mtoni. Maji yale yalikuwa na baridi ya kung'oa meno, nami nilitia vidole tu nikavitoa. Yeye hakusema kitu, ila "Bismillahi" ya kwanza aliitamka kwa sauti kuliko kawaida. Kisha tukabishana kibla: kwetu ni kaskazini, huku ni kaskazini mashariki. Akaswali juu ya mwamba, majani yanamdondokea mgongoni, na wapita njia wakapunguza sauti.

Mafuta? Kutoka kileleni ni mteremko karibu njia yote. Tulipita daraja la mbao lenye paa la Albany, la mwaka 1858, bila kusimama, na hilo bado namdai mume wangu. Tulifika Conway mshale ukiwa umelala kabisa. Mama akasema "Alhamdulillahi" akiwa anatazama dirishani, si mbele.

Jua lilizama saa kumi na mbili na dakika chache. Alifurahi sana, Julai lilikuwa likimsubirisha magharibi mpaka saa mbili na nusu usiku. Kabla ya hapo tulisimama kwenye kibanda cha shamba, tukanunua tufaha, donati za maji ya tufaha ("haya ni maandazi yenye tundu," alisema, akala matatu) na maboga mawili makubwa. La mjukuu lilichongwa meno. La kwake alilipika kesho yake kwa tui la nazi na iliki, sufuria nzima.

Alionja, akaweka kijiko.

"Maji matupu. Kumbe ndiyo maana wanayachonga."