Eti "kwani nyie bima hamzijui?"

Juzi kazini, huku Uingereza, wakati wa chai, simu yangu ikaanza kulia mfululizo: msiba, mwenzetu wa Coventry, mwili unatakiwa ufike Moshi. Mzungu mmoja tunayefanya naye zamu akauliza, huku anacheka, kwa nini sisi kila akifa mtu tunapitisha bakuli. Kwani bima hamzijui? Nikanyamaza, zamu ilikuwa bado ndefu. Hapa sinyamazi.

Chukueni Prudential, kampuni ya bima ambayo wazee wa hapa wanaiita Pru. Ilianzishwa London mwaka 1848, mtaa wa Hatton Garden, ikilenga watu wa ofisini wenye kipato cha kueleweka. Mwaka 1854 ikageukia vibarua na watu wa viwandani: peni moja kwa wiki, wakala anapita mlango kwa mlango, anapokea, anaandika kitabuni, anagonga nyumba ya pili.

Na peni ile kwa wengi ilikuwa ya kuzikwa. Maskini wa Kiingereza aliogopa kuzikwa kwa fedha za umma, shimo moja na watu asiowajua, kuliko alivyoogopa kufa kwenyewe. Tena kwa sheria ya 1832, aliyefia kwenye nyumba za maskini bila ndugu wa kudai mwili aliweza kupelekwa kwenye vyuo vya udaktari, wanafunzi wakajifunzie kupasua. Ndiyo maana peni ya wakala ilitengwa hata jikoni kukiwa hakuna kitu. Kwetu jirani analeta turubai na sufuria, daftari la rambirambi linafunguliwa, mtu anasitiriwa. Wao walikuwa wamehamia mijini, ukoo umebaki mashambani, ikabidi huo ujirani waununue.

Kwa peni hizo Pru ikajenga lile jengo jekundu la Holborn, London, alilolichora msanifu majengo Alfred Waterhouse, ukipita utadhani ni ikulu. Kufika mwisho wa karne ya 19 ilikuwa imekatia bima karibu theluthi moja ya watu wa nchi hii. Malaika hawakuwa: ukishindwa kulipa kwa muda, bima inakufa na peni zako zimekwenda. Mwaka 1942 William Beveridge, mtaalamu wa uchumi, kwenye ripoti yake maarufu kwa serikali kuhusu hifadhi ya jamii, alilalamikia gharama za kukusanya peni hizo, akapendekeza biashara yenyewe ichukuliwe na umma. Haikuchukuliwa. Serikali ikaanza kutoa ruzuku ya mazishi mwaka 1949, na 1987 ikaifuta.

Sasa sikilizeni kichekesho. Pru iliingia Kenya mwaka 2014 na Uganda mwaka 2015. Mwaka 2019 ikajitenga na biashara yake ya Uingereza, ikaiachia kampuni ya M&G, na mwaka 2021 ikaachana na ya Marekani pia, yenyewe ikabaki na Asia na Afrika. Yaani bima ya bibi zake mwenzangu leo utaikuta Nairobi na Kampala, hapa kwao haiuzi tena. Halafu mimi ndiye niulizwe kama nazijua.

Mnaojipanga kuja, mazishi ya kawaida huku yanapita pauni 4,000, na hapo mwili haujapanda ndege. Fanyeni hesabu kwa shilingi wenyewe. Ukifika, kabla hujanunua hata televisheni, jiandikishe kwenye chama cha watu wa kwenu. Ukitaka na bima, sawa, ila soma maandishi madogo: nyingi za wazee, ukifa kwa ugonjwa ndani ya mwaka wa kwanza, pengine hata wa pili, familia inarudishiwa ulichochanga tu. Na uliza kama fedha hiyo inatosha kusafirisha mwili, maana wanaoziuza wanawaza makaburi ya hapahapa.

Tena usije ukadhani chama chetu ni mama yako. Usipolipa miezi mitatu unakatwa jina, na mweka hazina wetu hasikilizi hadithi. Mjadala wa kulegeza sheria hiyo umefufuka tena wiki hii, na mimi nitapiga kura ilegezwe.