Siku moja kazini: kupima milimita juu ya handaki, Kariakoo

Mtu akitaja mahandaki nchini, wengi hukumbuka yale ya reli ya SGR yanayopita milimani upande wa Kilosa. Chini ya mji kazi ni nyingine. Hapa handaki ni bomba la zege la majitaka, kipenyo cha nje milimita 1,440, linalosukumwa kwa jeki kutoka shimo moja hadi jingine, mhimili wake ukiwa mita 6 chini ya uso wa ardhi. Sehemu kubwa linafuata barabara. Kwenye kona linakatiza chini ya misingi ya nyumba mbili za zamani za Kiswahili na ubavuni mwa ghorofa moja. Udongo ni mchanga, na maji yako mita 2 tu chini. Timu ya upimaji inatakiwa kujua kila siku nyumba hizo zimetitia kiasi gani na, muhimu kuliko hilo, kama zimetitia kwa usawa.

Saa 10:30 alfajiri

Leveli ya kidijitali, chombo cha kupimia tofauti za kimo, inatolewa kwenye kontena na kuachwa nje nusu saa kabla ya kuguswa. Kontena lina kiyoyozi, na hewa ya Dar ina unyevu mwingi, hivyo chombo kilichotoka kwenye baridi hupata ukungu kwenye lenzi. Hata ukungu ukikauka, chuma cha ndani bado kinatanuka na masomo yanahamahama. Wakati huo stafu, ile rula ndefu inayosimamishwa ili leveli iisome, inafutwa kitako. Chembe ya mchanga iliyonata pale chini inatosha kuleta “mtitio” wa nusu milimita ambao haupo.

Saa 11 alfajiri

Tunaanza mapema kwa sababu jua halijatoka, mikokoteni haijaingia mtaani na hewa juu ya lami haijaanza kuchezacheza. Mzunguko wa kusoma unaanzia na kuishia kwenye alama ya rejea: fimbo ya chuma iliyoshushwa ndani ya bomba hadi tabaka gumu, mbali na njia ya handaki. Hatutumii ukuta wa jengo lolote jipya kama rejea. Kariakoo kila mtaa una ghorofa linalojengwa, na ghorofa linalojengwa nalo linashuka. Ukilitegemea, nyumba zote za jirani zitaonekana zinapanda.

Umbali wa kusoma hauzidi mita 30, na stafu ya nyuma na ya mbele zinakuwa umbali sawa na chombo. Mstari wa kuona haushuki chini ya nusu mita kutoka ardhini. Mzunguko ukishindwa kufunga, yaani kurudi kwenye kimo ulichoanzia, ndani ya milimita 0.5, unarudiwa wote, hata kama jua limeanza kuchomoza. Kugawa kosa kwenye vituo ili mzunguko ufunge ni kudanganya wakazi.

Alama za barabarani zinahitaji maelezo kidogo. Msumari uliopigwa kwenye lami unapima lami. Lami na sakafu ya zege zinaweza kuning’inia juu ya shimo kwa siku kadhaa bila kushuka, kisha zikaanguka kwa mara moja. Kwa hiyo tunatoboa lami, tunashusha fimbo ya nondo hadi kwenye udongo wenyewe, na tunaiwekea kifuko cha bomba la plastiki isishikwe na lami pembeni. Hizo ndizo alama tunazoziamini.

Saa 12:45 asubuhi

Sasa tunaingia ndani ya nyumba. “Shikamoo bibi.” “Marahaba wanangu. Leo imeshuka tena?” Jibu ni namba: tangu jana milimita 0.2, na chombo chenyewe kinaweza kukosea kiasi hicho, kwa hiyo kwa leo tunahesabu haijasogea. Watu wanavumilia kelele na vumbi wakipewa namba. Wakiambiwa “hakuna shida” tu, wanaacha kuamini.

Kila ufa una kipimo chake kilichogundishwa pande mbili, na kila ufa ulipigwa picha pamoja na rula kabla mashine ya kuchimba handaki haijashushwa, mwenye nyumba na mjumbe wa serikali ya mtaa wakishuhudia. Nyufa tunazisoma saa ileile kila siku, kwa sababu ukuta ukipigwa na jua ufa hufunguka na kufunga kwa sehemu za kumi za milimita bila handaki kuhusika.

Kwa mpangilio wa nyufa wa injinia Burland, unaotumika sehemu nyingi duniani, ufa wa hadi milimita 0.1 hauhesabiki. Hadi milimita 1 ni mdogo sana, rangi huuficha. Hadi 5 unajazwa na kupakwa. Kati ya 5 na 15 milango na madirisha huanza kukwama. Ukipita 25, jengo lenyewe liko hatarini. Umbo nalo lina maana: ufa uliopanuka juu zaidi kuliko chini unasema ukuta umepinda kwa juu kama mgongo, na hali hiyo huumiza kuta za matofali kuliko kubonyea katikati, maana juu hakuna msingi wa kuushika ukuta usifunguke.

Saa 2 asubuhi

Kikao na injinia wa handaki, dakika 20, tukiwa tumesimama. Kinachobishaniwa mara nyingi ni kitu kimoja: “milimita 7 si kitu.” Hesabu inaonyesha kwa nini kwenye mchanga ni kitu.

Mashine inachimba tundu la milimita 1,480, kubwa kuliko bomba kwa milimita 20 kila upande, ili bomba lipite bila kubanwa. Eneo la tundu ni mita za mraba 1.72. Tuseme asilimia 2 ya ujazo huo imejazwa na udongo unaoporomoka kutoka juu: hiyo ni mita za ujazo 0.034 kwa kila mita ya urefu. Juu ya ardhi kinatokea kibonde ambacho injinia Peck alikieleza mwaka 1969: chenye kina katikati, kinachopungua pande zote mbili kwa umbo la kengele. Upana wake unapimwa kwa umbali kutoka katikati hadi pale mteremko ulipo mkali kuliko kwingine. Kwenye udongo wa mfinyanzi umbali huo ni karibu nusu ya kina cha handaki, hapa mita 3. Kwenye mchanga chini ya maji tunachukua 0.3 ya kina, yaani mita 1.8 tu. Kina cha katikati ni ujazo uliopotea ukigawanywa kwa 2.5, kisha kwa umbali huo.

Kwa mfinyanzi inatoka milimita 4.6, na mwinamo mkali ni 1 kwa 1,080, yaani milimita 1 ya kushuka kwa kila milimita 1,080 za urefu. Kwa mchanga inatoka milimita 7.6 na mwinamo 1 kwa 390. Udongo uliopotea ni uleule, lakini nyumba iliyo juu ya mfinyanzi haitajua kitu, na iliyo juu ya mchanga imevuka 1 kwa 500, kiwango ambacho wengi wetu tunakichukua kuwa mpaka wa usalama wa kuta. Kwenye 1 kwa 300 kuta zinatarajiwa kupasuka. Ndiyo maana kwenye ubao wetu mwinamo unaandikwa kabla ya mtitio.

Viwango vya mradi ni hivi: njano ikifika milimita 5 au 1 kwa 700, nyekundu ikifika milimita 8 au 1 kwa 500.

Saa 3 hadi saa 6

Bomba moja lina urefu wa mita 2.5. Jeki zinasukuma, matope ya bentonaiti, udongo laini unaoteleza ukichanganywa na maji, yanarudisha mchanga juu, chujio linatenganisha, mchanga unapimwa uzito. Huu ndio upimaji wa mapema kuliko wote. Bomba moja linatakiwa kutoa mita za ujazo 4.3 za udongo ambao haujachimbuliwa, takriban tani 8.6 ukiwa umeloa. Ikitoka tani 9.5, karibu nusu mita ya ujazo imetoka mahali pasipo njia ya bomba, na kuna uwazi mahali fulani juu ya mashine. Leveli inaweza isione chochote mpaka kesho. Mizani imeshaona.

Namba nyingine mbili zinaangaliwa kila baada ya dakika 10. Ya kwanza ni shinikizo la matope mbele ya mashine. Maji yana kimo cha mita 4 juu ya mhimili, yaani kilopaskali 40; tunashikilia 60. Likishuka chini ya 40, maji na mchanga vinaingia. Likizidi sana, ardhi inainuliwa au matope yanapasua njia hadi juu.

Ya pili ni bentonaiti inayosukumwa kwenye ule mwanya wa milimita 20 kuzunguka bomba. Mwanya unameza lita 92 kwa mita, hivyo lita 230 kwa bomba ndicho kiwango cha chini kabisa. Kwenye mchanga tunapiga zaidi kwa sababu nyingine inapenya pembeni. Mwanya wote ukiachwa ujifunge wenyewe, upotevu unafika asilimia 5.3 na hesabu ileile inatoa milimita 20.

Saa 6:40 mchana

Shinikizo linatoka 60 hadi 46 ndani ya dakika 3, na tangi la matope linapungua. Kwenye uwanja wa nyumba ya pili matope ya kijivu yanachomoza kando ya mwembe. Ni shimo la choo la zamani, limefunikwa miaka mingi. Mashimo haya hayamo kwenye ramani yoyote ya mji, na njia bora ya kuyajua ni kuwauliza wazee wa kila nyumba choo cha zamani kilikuwa wapi, kisha kuchoma ardhi kwa nondo kabla mashine haijafika. Hili liko chini ya banda la kuku, na waliolichimba hawapo tena.

Kinachofanywa kina mpangilio. Mashine hairudishwi nyuma, kwa sababu kurudi kunaacha uwazi. Matope yanafanywa mazito. Shinikizo linashushwa hadi 45, juu kidogo ya maji. Bentonaiti ya kuzunguka mabomba haizimwi hata dakika moja: mabomba yakisimama kwenye mchanga bila kilainishi, msuguano unapanda, na jeki zinaweza kushindwa kuyaondoa tena. Wakati huohuo mafundi wanamimina mchanganyiko mwepesi wa mchanga na saruji shimoni kutoka juu, polepole, ili usisukume matope upande wa msingi.

Wanafamilia wanaombwa watoke chumba cha nyuma. Chakula cha mchana kinangoja.

Saa 7 hadi saa 9 alasiri

Alama mbili za ukuta wa nyuma, zilizoachana mita 2, zinasomwa kila nusu saa. Iliyo karibu na shimo imeshuka milimita 3.1 asubuhi, kisha 5.4, 5.8, 5.9, 5.9. Ya pili: 1.4, 1.8, 2.0, 2.0, 2.0. Tofauti ni milimita 3.9 kwenye milimita 2,000, yaani 1 kwa 513. Njano, pembeni kabisa mwa nyekundu. Ufa wa kona ya dirisha umetoka milimita 0.4 hadi 0.9.

Mtu mmoja anapendekeza kuinua ukuta kwa grauti, uji wa saruji unaosukumwa ardhini, kama mnara wa Big Ben ulivyolindwa miaka ya 1990 wakati njia ya treni ya chini ya ardhi ya Jubilee ikichimbwa London. Kule ni mfinyanzi mgumu, na mabomba ya grauti yalikuwa yamewekwa tayari chini ya jengo kabla handaki halijapita. Kwenye mchanga uliolegea, chini ya msingi wa mawe ya matumbawe, kusukuma grauti ya haraka kunaweza kuinua upande mmoja na kuongeza mwinamo uleule tunaoukimbia. Inakubaliwa kujaza uwazi kwa shinikizo dogo, bila kuinua.

Saa 11 jioni

Mzunguko kamili wa pili. Jioni usahihi hupungua kidogo, hivyo tunatafuta mwelekeo tu. Namba za kulinganisha ni za alfajiri. Kimo cha maji kwenye piezomita, bomba la kupimia maji ya ardhini, hakijabadilika, na hiyo ni habari njema: maji yangeshuka mita 2, udongo wote wa eneo hilo ungeongezewa mzigo wa kilopaskali 20 na mtitio ungeenea mbali kuliko kibonde cha handaki.

Bibi wa nyumba ya kwanza na familia ya nyumba ya pili wanaonyeshwa grafu kwenye simu, alama kwa alama. Chumba cha nyuma kinabaki kitupu usiku huu, na gharama ya malazi iko kwa mkandarasi.

Saa 1 usiku

Makabidhiano kwa shifti ya usiku, kwa maandishi: kila bomba lipimwe uzito wa mchanga, likizidi tani 9 msukumo upunguzwe na sevea (mpimaji) aamshwe, shinikizo libaki 45 hadi mashine ivuke shimo kwa mabomba mawili, kisha lirudishwe 60 kwa hatua za 5, alama mbili za ukuta wa nyuma zisomwe kila saa, zikifika 1 kwa 500, msukumo usimame huku bentonaiti ikiendelea. Na kuanzia kesho asubuhi, kabla ya bomba la kwanza, uwanja wa nyumba ya pili uchomwe kwa nondo kila nusu mita, banda la kuku likiwa limehamishwa.