Kuiacha virt-manager na kuhamia Cockpit

Kwa miaka mingi, kwenye kona ya chumba chetu cha seva kulikuwa na kompyuta moja ya mezani ambayo kazi yake pekee ilikuwa kufungua virt-manager, programu ya kusimamia mashine pepe, yaani kompyuta za kuigizwa zinazoendeshwa ndani ya seva halisi. Aliyetaka kuwasha mashine pepe, kuiongezea diski au kutazama kwa nini imekwama, alikwenda kuketi pale, akaingia kwa akaunti ya root, yenye mamlaka yote juu ya seva, na nywila aliikuta kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini ya kibodi. Nalisimulia hili bila kumlaumu mtu, kwa sababu kikaratasi hicho nilikibandika mimi.

Red Hat walikwisha kutangaza, toleo la 8 la mfumo wao wa Linux, RHEL, lilipotoka Mei 2019, kwamba virt-manager imo katika orodha ya vitu vinavyoelekea kuondolewa na kwamba mrithi wake ni Cockpit, paneli ya kusimamia seva inayotumika kupitia kivinjari. Sisi tunatumia AlmaLinux, Linux ya bure ambayo hufuata nyayo za RHEL, kwa hiyo tangazo hilo lilituhusu moja kwa moja. Tulilisoma, tukaendelea na shughuli zetu, kwa kuwa programu ya zamani ilikuwa bado inafanya kazi. Tulihama pale tu tulipolazimika kupandisha seva zetu tatu kutoka toleo la 8 hadi la 9.

Kilichonivutia katika Cockpit ni kwamba haina hifadhidata yake yenyewe. Paneli nyingi za usimamizi hutunza kumbukumbu zake pembeni, na siku mtu akihariri faili kwa mkono, paneli na seva huanza kusema mambo mawili tofauti. Cockpit huzungumza na systemd, NetworkManager na libvirt (wasimamizi wa huduma, mtandao na mashine pepe ndani ya Linux) zilezile tunazozitumia kwenye terminali, hivyo nikizima mashine pepe kwa amri ya virsh, ukurasa ulio wazi kwenye kivinjari cha mwenzangu hubadilika papo hapo. Isitoshe, asipokuwapo mtu aliyeingia, karibu hakuna kinachokula RAM ya seva: systemd ndiyo inayosikiliza kwenye poti 9090, na huiamsha Cockpit mgeni anapobisha hodi.

Uhamisho wenyewe haukuwa mteremko. Mashine pepe mbili ziligoma kuwaka kwenye seva mpya, nami nikapoteza asubuhi nzima nikikagua diski ambazo hazikuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa skrini: mashine hizo zilitengenezwa zamani kwa SPICE, njia ya kuionyesha skrini ya mashine pepe kwa mbali, na SPICE iliondolewa katika RHEL 9. Ilinibidi kufungua maelezo ya kila mashine kwa virsh edit, nifute mistari ya SPICE na kadi ya picha ya QXL iliyoambatana nayo, niweke VNC na virtio mahali pake, kisha niwashe upya. Maelezo ya toleo yalikuwa yamelitaja jambo hilo waziwazi, ila nilikuwa sijayasoma.

Siku iliyonifanya niiamini programu hii ilikuwa ile niliyokosea anwani ya mtandao. Nilikuwa nyumbani, nimeunganishwa kupitia VPN, nikaandika tarakimu moja isiyo sahihi kwenye anwani ya seva, nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kwa njia ya zamani, kosa kama hilo lilimaanisha kupanda daladala usiku kwenda ofisini. Safari hii ukurasa ulitulia kwa sekunde chache, kisha ukanionya kwamba mabadiliko hayo yangekata mawasiliano, na mpangilio wa awali ukarudi wenyewe. NetworkManager huwekewa alama ya kurejea kabla ya badiliko, na kivinjari kisipopatikana tena ndani ya muda mfupi, hurudi kwenye alama hiyo. Nilisahihisha tarakimu ile, nikaenda kulala.

Kazi kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilihusu akaunti. Cockpit hupokea akaunti za mfumo wenyewe, na kila anayeingia huandikwa kwa jina lake kwenye kumbukumbu za seva. Root tuliizuia kabisa kuingia kwa njia hiyo. Mzee mmoja wa idara yetu, aliyezisimamia seva hizi kabla sijaajiriwa, hakufurahi.

“Kijana wangu, miaka yote hii, leo niandike jina langu? Kwani seva hainijui?”

“Ilikuwa haikujui, mzee wangu. Ilikuwa inamjua root tu.”

Alicheka, akachagua nywila, na wiki iliyofuata akawa wa kwanza kuniuliza ni nani aliyezima mashine ya uhasibu saa sita mchana. Tulitazama kumbukumbu. Nilikuwa mimi.

Urahisi huu una upande wake wa hatari, kwa sababu kompyuta ya kona ililindwa walau na kufuli la mlango, ilhali ukurasa wa kivinjari hufunguka popote poti inapofikika. Tumeifunga 9090 isikilize kwenye mtandao wa usimamizi peke yake, na cheti cha usalama kilichojitia sahihi chenyewe, ambacho kivinjari hakikiamini, tumekibadilisha, maana watu wakizoea kupuuza onyo la kivinjari kila asubuhi, watalipuuza hata siku litakapokuwa na maana.

Virt-manager haijatoka kabisa mikononi mwangu. Ninayo kwenye kompyuta mpakato, na huiunganisha na seva kupitia SSH, njia salama ya kuifikia seva kwa mbali, ninapotaka kupanga jambo ambalo Cockpit bado haina kitufe chake. Ile kompyuta ya kona tumeipeleka mapokezi, kikaratasi kikiwa kimebanduliwa.