Bustani isiyosubiri boza

Tangu tung'oe nyasi za mbele, wapita njia wamekuwa wakimuuliza mlinzi kama nyumba inauzwa. Siwalaumu. Kwa muda uwanja ulikuwa mchanga mtupu na mashimo, na huku kwetu Kibada, Kigamboni jijini Dar, nyumba isiyo na nyasi za kijani wala pevingi inahesabika kwamba haijaisha, hata kama mmehamia na mnalipa bili.

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo nilianza na karatasi. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, hiyo ni lita moja ya maji. Kiangazi kikikaza, zile nyasi laini tunazonunua na kupandikiza kwa vipande zinahitaji kama milimita 5 kwa siku ili zibaki na rangi yake. Uwanja wa mita za mraba 100 unameza lita 500 kila siku iendayo kwa Mungu: nusu ya simtanki la lita 1,000, au ndoo 25 za lita 20. Boza la lita 10,000 linakwisha kwa siku 20, na hapo hamjaoga, hamjafua, hamjaosha hata kijiko. Baba watoto aliisoma ile karatasi mara mbili, akasema, "Sasa mama, si bora tufuge ng'ombe? Angalau tutapata maziwa."

Najua mtu ataniambia Dar si jangwa. Kweli si jangwa. Las Vegas, kule Marekani, inapata mvua ya milimita kama 100 tu kwa mwaka mzima. Sisi tunapata zaidi ya 1,000. Lakini kuna jambo moja la kule limenikaa kichwani. Mwaka 2021 jimbo la Nevada lilipitisha sheria kwamba kuanzia 2027 maji ya mto Colorado yasimwagiliwe kwenye nyasi za mapambo tu: za kandokando ya barabara, za mbele ya maofisi, nyasi ambazo hakuna anayezikanyaga ila yule anayekuja kuzikata. Viwanja vya nyumba za familia havikuguswa na sheria hiyo, wala viwanja vya michezo. Nilisoma, nikatoka nje, nikaangalia uwanja wangu. Watoto wanachezea upande wa nyuma. Mbele hakukanyagi mtu, na akikanyaga anafokewa.

Tena milimita 1,000 zetu haziji kwa mpangilio wa mshahara. Masika yanamwaga Machi hadi Mei, vuli inakuja Oktoba hadi Desemba ikipenda, na katikati kuna Juni mpaka Septemba, halafu lile joto la Januari na Februari. Nyasi zinashikwa na kiu miezi ileile ambayo mji mzima una kiu. Maji mengi ya bomba ya Dar yanatoka mto Ruvu, na tuliokuwepo Oktoba 2022 tunakumbuka vuli ilivyochelewa, mto ukapungua na mgao ukatangazwa. Watu walikuwa wanabeba madumu kwenye bajaji. Mwaka ule mwenye uwanja wa kijani alikuwa ama ana kisima ama ana moyo mgumu. Na visima vyetu vya pwani navyo, vingi vina chumvi. Unamwagilia huku ncha za majani zinaungua.

Wengi waliochoka na nyasi wanakimbilia pevingi. Hapa ndipo ninapogombana na majirani. Ukifunika uwanja wote kwa tofali za zege, maji ya masika hayana pa kuzama, yanatoka getini kwako yanaingia kwa mwenzako wa bondeni. Saa nane mchana zege limechemka, usiku linakurudishia lile joto dirishani, nawe unawasha kiyoyozi na luku inakimbia. Nyasi bandia sizizungumzii. Mguuni kwa mtoto jua la Februari likiwa limeipiga ile plastiki, mtaelewana wenyewe.

Aliyetutengenezea bustani ni mzee mmoja anayeuza miche kandokando ya barabara, sote tunamwita Babu. Nilimwambia, "Shikamoo Babu, nataka bustani isiyokunywa maji." Akaitikia marahaba, akacheka. "Mwanangu, isiyokunywa maji ni kaburi. Sema unataka inayojua kuvumilia."

Kabla ya mmea wowote alichimba kibonde kipana mbele ya baraza, kina chake hakifiki goti, akaelekeza bomba la maji ya paa humo. Karatasi yangu tena: mvua moja ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 150 ni lita 3,000. Zamani zote zilikuwa zinakwenda barabarani. Kwa udongo wetu wa kichanga maji yanazama kabla siku haijaisha, kwa hiyo hata mbu hawapati muda wa kuzalia. Nasema hivyo kwa sababu mama mkwe wangu aliponiona na kile kibonde alinitajia dengi siku hiyohiyo, na hakukosea kuogopa. Mbu wa dengi anazalia hata kwenye kisahani cha chini ya chungu. Visahani vyote tumeviondoa.

Pembezoni mwa ukuta tukapanda bogenvilia. Huyu ana tabia zake. Babu alinikataza kumzoesha maji: "Ukimdekeza anakupa majani, ukimnyima anakupa maua." Na ndivyo ilivyo, Agosti wakati kila kitu kimenyauka yeye ndiyo anawaka. Mbele yake tukaweka mshubiri, mkonge mmoja (mmoja unatosha, una miiba na unakua mkubwa kuliko unavyodhani ukiuona kwenye mfuko), na adeniamu, kile kimti kifupi chenye shina lililovimba chini na maua ya pinki, ambacho asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki. Lile shina ni tangi lake. Kinachokiua ni maji mengi, siyo kiu, ndiyo maana Babu aliinua kichuguu cha mchanga na kokoto akakiweka juu ili masika yasikiozeshe mizizi. Wenye watoto wadogo mjue utomvu wake ni sumu. Wawindaji sehemu mbalimbali za Afrika walikuwa wanaupaka kwenye mishale. Minyaa nilikataa kabisa kwa sababu kama hiyo. Maziwa yake yakiingia jichoni, hospitali inakuhusu.

Pembeni ya dirisha la chumbani, pale maji ya kiyoyozi yanapodondokea, kuna mchaichai. Kwa unyevu wa hewa ya Dar kiyoyozi kinatoa maji mengi kuliko watu wanavyofikiri, na hayana chumvi kama ya kisima. Chai ya nyumba hii sasa inanukia bila kununua kitu sokoni.

Kilichobadilisha mambo zaidi, kwa maoni yangu, siyo mimea. Ni makumbi ya nazi. Wauza nazi wanayatupa au wanayauza bei ya kutupa, gunia kwa gunia. Tumeyatandaza kati ya mimea, yamefunika udongo wote. Juni asubuhi nilifukua kidogo kwa kidole: juu pakavu kabisa, makumbi yanakwaruza mkono, lakini chini yake mchanga ulikuwa wa baridi, umeshikana, na kulikuwa na jongoo anajikunja. Hatua mbili pembeni, mahali ambapo hatujatandaza, ule mchanga ulikuwa unamwagika kama sukari. Tahadhari ni mchwa tu. Usiyasogeze makumbi hadi ukutani wala kwenye fremu za milango, acha nafasi.

Tulipanda mwanzoni mwa masika, mvua ikafanya kazi ya kuotesha mizizi bure. Ukipanda Julai, hata mmea wa jangwani utaumwagilia kila mara mpaka ushike, halafu useme nilikudanganya. Ulioshika unapewa maji mengi kwa mara moja, taratibu, shinani, kisha unaachwa siku kadhaa. Ule mtindo wa kusimama na mpira jioni unanyunyizia majani huku unaongea na simu unalowesha juu tu, na mizizi inabaki kuning'inia hapohapo juu ikisubiri.

Upande wa nyuma nyasi zimebaki, lakini ni ukoka wa kawaida, ule unaoota wenyewe barabarani. Kiangazi unakauka na kuwa rangi ya mkeka, watoto wanaucheza mpira hivyohivyo, na mvua ya kwanza ikigusa unarudi. Baba watoto bado anasema mbele panaonekana kama stendi ya Chalinze. Nimemwachia maoni yake. Bili naandika mimi.

Mshubiri umezaa machipukizi mengi kuliko nafasi niliyonayo. Walioko Kigamboni waje na ndoo zao wachukue kabla vuli haijaanza. Mkonge pia upo, ila huo mje na glavu.