Nimeutembea Mji wa Kale kwa tumbo

Jamani, Mombasa nimekwenda mara nyingi, lakini Mji wa Kale sikuujua mpaka Jumamosi hii. Tulikuwa sita na mwongozaji wetu, mzee mzaliwa wa Kibokoni. Tulianzia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliianza mwaka 1593, kisha tukaingia vichochoroni, huku tukisimama kutazama milango ya nakshi.

Kituo cha kwanza kilikuwa mahamri na mbaazi za nazi. Hapo ndipo nilipoganda! Hamri limeumuka, ukilipasua linatoa harufu ya iliki. Nikamwuliza bibi aliyekuwa jikoni mbona mbaazi zangu nyumbani haziwi nzito hivi. Akanishika mkono: "Mwanangu, chemsha mbaazi mpaka ziive kabisa. Tia tui jepesi kwanza. Tui zito liwe la mwisho, na usiache kukoroga, lisije likakatika." Miaka yote mimi nilikuwa natia tui lote kwa mpigo.

Viazi karai vya ukwaju tulivila tukitembea. Mabuyu nikayafunga kwenye mkoba, ya watoto.

Mwisho kahawa tungu, imemiminwa kutoka kwenye dele lililokaa juu ya makaa, kwa vikombe vidogo, na kipande cha halua pembeni. Wazee barazani wakatusogezea nafasi, "Karibuni, kaeni." Tukakaa karibu saa nzima.

Leo jioni mbaazi ziko jikoni. Tui zito bado sijalitia.