Siku moja ya kurudisha utafiti mtaani, Mbeya

Ukisema unafanya utafiti wa chuo, watu huwaza kompyuta na kiyoyozi. Sehemu yangu ya kazi hiyo ni kurudisha matokeo kwa waliohojiwa, na vifaa vya leo ni turubai la ramani, ndoo ya lita 20, kimfuko cha maharage na barua yenye mihuri mingi kuliko maneno.

Saa 12 asubuhi. Baridi ya Mbeya haina utani. Tunakagua ramani ya njia za maji ya mvua katika mtaa mmoja wa mteremkoni, upande wa mlima Loleza. Imechapwa kwenye turubai la mabango kwa sababu hii ni Februari, na karatasi ikilowa mara moja imekwisha. Skeli ni 1:1,000, yaani sentimita moja ni mita 10 ardhini, hivyo nyumba ya kawaida inatoka na ukubwa wa punje nene ya hindi. Kontua, ile mistari ya mwinuko wa ardhi, tumezipunguza, maana nje ya darasa la jiografia ni michirizi tu. Badala yake kuna kanisa, mashine ya kusaga, bomba la jumuiya na kijiwe cha bodaboda. Mtu akishaiona mashine ya kusaga, kwake atapatafuta mwenyewe. Projekta haiji. Umeme ukikatika unabaki na ukuta.

Saa 2 mpaka saa 6, mihuri. Barua hutoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Mkurugenzi wa Jiji, mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa. Ukiruka ngazi moja, mkutano unavunjwa watu wakiwa wameshakaa. Leo muhuri wa ngazi moja ulikuwa kwenye droo, na mwenye ufunguo alikuwa msibani. Tukakaa kwenye benchi.

Tangazo lilisema saa 8. Saa 9 na robo ndipo viti vikajaa, na hilo huwa tunalipangia. Jambo la kwanza kutamka ni kwamba posho hakuna, kuna maji na maandazi. Ukilisema mwishoni utazomewa, na utakuwa umestahili.

Turubai likakunjuliwa. Kabla ya neno la pili, mzee wa mstari wa mbele akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huo mstari mwekundu ni wa nini? Mmekuja kutubomolea?"

Kosa ni letu. Maeneo ya maji kujaa tuliyapaka bluu kwa makusudi, kwa sababu nchi hii kila mtu anaijua alama ya X nyekundu ukutani. Lakini mstari wa mita 60 kutoka mtoni, unaotokana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ulibaki na rangi ambayo programu huuchagulia yenyewe. Kwenye skeli hii mita 60 ni sentimita sita kila upande wa mto. Mzee akapima kwa vidole. Kwake pamo ndani.

Hapo muda ukapotea. Kumwahidi kwamba hatabomolewa hatuwezi, ahadi hiyo si ya chuo. Kuufunika mstari kwa plasta kungekuwa kukiri. Tukaeleza kwamba mstari umetoka kwenye sheria, wala si kwenye vipimo vyetu, na kwamba ramani haina jina la mtu wala namba ya nyumba. Akasikiliza, kisha akaanza upya: "Mwaka juzi walikuja wengine. Wakaniuliza choo kina futi ngapi, wakaandika, wakaondoka. Jibu langu liko wapi?" Watu wakapiga makofi. Dakika arobaini zikaishia kwenye mstari mmoja, na mimi nasema zilikuwa halali yake.

Maharage ndiyo yaliyotuokoa. Ukitamka "mafuriko ya miaka kumi", watu huelewa kwamba yakija leo wamepumzika miaka kumi. Sivyo. Tia maharage tisa meupe na moja jekundu kwenye mfuko, chomoa moja bila kutazama, lirudishe, chomoa tena. Kila kuchomoa ni mwaka, na jekundu ni mafuriko. Kijana mmoja alitoa jekundu mara mbili mfululizo, ukumbi ukaguna. Ndani ya miaka kumi, uwezekano wa kulipata angalau mara moja ni kama asilimia 65.

Ndoo nayo ina hesabu yake. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita 8 kwa 10, mvua ya milimita 30, ni lita 2,400, sawa na ndoo 120 kutoka nyumba moja tu. Zamani majani na udongo vilikunywa sehemu yake; bati halinywi. Fundi mmoja akapendekeza kila nyumba ichimbe shimo la kunyonya maji. Kwenye tambarare sawa. Kwenye mteremko mkali, shimo lililo upande wa juu wa ukuta wa jirani linaulowesha udongo mpaka ukuta unalala. Huko afadhali simtanki, na mfereji wa pamoja unaofuata njia.

Kisha mvua ikashuka kwenye bati la ukumbi na hakuna aliyemsikia mwenzake. Katika kelele hiyo mama muuza mboga akachukua kalamu, akachora kalavati ambalo kwenye ramani halipo. Tulichora kutoka picha za angani, na kalavati lililo chini ya barabara halionekani kutoka juu. Limeziba taka, akaonyesha kwa mkono, maji yanageukia kwake. Bluu yetu pale ilikuwa upande usio sahihi.

Giza limeingia. Turubai linafutwa tope, masahihisho yanaingizwa, mstari unabadilishwa kuwa kijivu. Mzee amedai nakala moja ibaki ofisi ya mtaa.

"Na mstari, mzee, tuutoe?"

"Uacheni. Ila andikeni pembeni nani kauchora."